Joto la maziwa halitulii

SWALI: Habari fundi, niko kiwanda cha maziwa, pasturaiza (mashine ya kupasha maziwa kuua vijidudu) tumeiseti 75 lakini joto linapanda 77 linashuka hadi 72 kasoro, maziwa yanarudishwa nyuma kila saa. Bosi anataka tununue kontrola mpya ya PID, kile kifaa kinachoamuru valvu ya mvuke kulingana na joto. Ni sawa?

JIBU: Msinunue kitu kwanza. Siku mkipitisha maji, sio maziwa (ile 72 kwa sekunde 15 ya kuua vijidudu haina mchezo), itoe kontrola kwenye oto isijiendeshe yenyewe, valvu ya mvuke iache palepale uangalie. Joto likiendelea kuyumba, kitu cha nje kinasumbua, anza na presha ya boila. Likitulia basi shida iko hapohapo kwenu, na mimi nashuku valvu, pakingi yake (ile ya kuzuia mvuke usivuje kwenye shina) ikikazwa sana valvu inakwama, kontrola inaongeza amri kidogokidogo wapi, halafu valvu inaruka ghafla joto linapitiliza, inaanza upya kurudi chini, hapo hata ukitune, yaani kurekebisha namba za kontrola, mwaka mzima ni bure. Valvu ikiwa nzima ndo upunguze geini, yaani ukali wa kontrola kujibu joto likibadilika. Zile hesabu za kutune za Ziegler na Nichols za 1942 watu wanazipenda sana ila zinatoa geini kali, mi huwa naikata nusu naanzia hapo.