Re: Chama kimeshika kila kitu, serikali inafungwaje?

Mkuu, umeuliza inakuwaje kule Marekani chama cha Republican wana rais, Bunge la Wawakilishi na Seneti, halafu serikali ikafungwa siku 43 mwaka 2025, yaani shughuli zake nyingi zikasimama kwa kukosa bajeti iliyopitishwa. Shida iko Seneti. Kule viti vyao 53 kati ya 100 havitoshi. Muswada wa matumizi unahitaji kura 60 ili mjadala ufungwe na upigiwe kura. Democrats, chama pinzani, wakabana hapo hapo, wakidai ruzuku za bima ya afya ziongezewe muda.

Na kufungwa si kwamba wote wanabaki nyumbani. Waongoza ndege walikaa zamu zao bila mshahara, wengine wakaanza kukosekana kazini, hadi safari zikapunguzwa. Wabunge wenyewe? Mishahara yao inaingia kama kawaida, Katiba inawalinda. Wajanja hao!