Soya kwa ajili ya ayala: niliyojifunza baada ya kuchekwa misimu miwili

Wiki iliyopita ndugu mmoja aliyehamia Missouri, Marekani, aliniandikia: "Kaka, nimepanda soya nusu ekari ili ayala waje niwawinde, na Juni haijaisha hakuna hata jani. Nimekosea wapi?" Nilicheka peke yangu jikoni. Maneno hayo hayo ningeweza kuyaandika mimi mwaka 2021.

Kwanza jina. Wengine humwita kulungu, wengine paa. Mimi nimebaki na ayala wa Zaburi ya 42, ingawa huyu wa hapa Iowa ana mkia mweupe anaousimamisha kama kitambaa akishtuka. Mimi ni mtoto wa Karatu, Tanzania. Utoto wangu umeishia juu ya dungu, nikigonga debe nguruwe pori wasiingie kwenye mahindi. Leo nakaa juu ya dungu la chuma lililofungwa kwenye mwaloni, namwomba Mungu wanyama waje wale. Mzee wangu nilipomweleza kwa simu aliuliza mara mbili: "Unalima, halafu hufukuzi?"

Shamba la kwanza nilikodi kwa mdomo tu. Nilipima udongo, ukaonekana una tindikali, nikamwaga chokaa tani 2 kwa ekari. Mgongo uliniuma wiki nzima. Masika yaliyofuata mwenye shamba akalikodisha kwa mtu mwingine aliyeongeza dau. Chokaa huchukua miezi mingi kuutuliza udongo, kwa hiyo jasho langu limekuja kumnufaisha huyo bwana, na nina hakika anajisifu kwamba ana mkono wa kilimo. Sijasahau. Andikishianeni, tena kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa chokaa.

Sasa kosa lako, ndugu wa Missouri. Nusu ekari ni kitafunio. Soya changa ni tamu kuliko kitu chochote msituni, na ayala wakiigundua ina majani mawili hawaiachi ikue. Mimi asubuhi moja nilikuta vishina vimesimama kama njiti za meno, ncha zake zimechanika chanika. Ndiyo alama yake: ayala hana meno ya mbele ya juu, hivyo huvuta na kurarua. Ukikuta shina limekatwa safi kama kwa wembe, mtuhumu sungura.

Kwa hiyo ama panda ekari 3 na zaidi, ama weka uzio wa umeme hadi soya ikue. Mimi nilifanya yote mawili. Uzio wenyewe ni safu mbili zilizoachana kama mita moja, maana ayala akikuta safu mbili husita kuruka. Mbegu zichanganye na ule unga mweusi wa vijidudu vya mizizi, vinavyoisaidia soya kupata naitrojeni, hasa kama shamba halijawahi kuota soya. Mengine ni palizi na kungoja, sina la kusimulia.

Utamu uko mwishoni mwa Agosti. Majani ya soya yakianza kuwa ya njano, ingia katikati ya mistari na kirushia mbegu cha mkononi, umwage rai, nafaka jamii ya ngano, kama kilo 40 kwa ekari. Huna haja ya kulima. Majani ya soya yanadondoka juu ya mbegu na kuifunika, mvua moja tu na chini kunakuwa kijani. Rai huota hata kwenye baridi, hulinda udongo majira yote ya theluji, na masika hubana magugu. Lakini sikilizeni: rai ya nafaka, si nyasi za rai! Majina yanafanana, na msimu wangu wa pili muuzaji alinipa nyasi. Nilizing'oa mwaka mzima huku jirani akinipungia mkono kutoka kwenye trekta lake.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba, siku msimu wa kuwinda kwa bunduki unapofunguliwa hapa Iowa, theluji ilikuwa imefika vifundoni. Maganda ya soya yalikuwa yamesimama juu yake, rai imejificha chini. Dume mwenye pembe za ncha nane alitoka akifukua theluji kwa kwato. Friza yangu ilijaa hadi Pasaka, na yule jirani wa trekta alikuja kuomba soseji. Nilimpa. Mbili.

Tahadhari moja: zao lililosimama shambani ni halali, lakini ukimwaga ndoo ya mahindi chini ya dungu, hapa Iowa hicho ni chambo na ni kosa. Na nyinyi vijana wetu mnaosema kilimo tulikiacha nyumbani, mnapiga ovataimu mpate hela ya nyama ya dukani, ardhi ya huku haiulizi lafudhi yako. Shikeni jembe.

Ndugu wa Missouri, hujachelewa. Soya imekwenda, ila Agosti inakuja. Mwaga rai.

Halafu kuna kioja. Dukani kwa wawindaji nilikuta mfuko una picha ya dume wa pembe kubwa, ndani ni ngwara. Ngwara yetu ile ile tunayochanganya na mahindi Karatu! Baridi ya kwanza huiua, kwa hiyo siinunui. Ila nilimtumia mzee picha. Akauliza bei. Nilipomtajia, akakata simu, kisha akapiga tena kuuliza wanahitaji magunia mangapi.