Natota jasho Tanga, Dodoma nilikuwa mkavu

SWALI: Shikamoo mama. Nakaanga vitumbua alfajiri. Mwezi uliopita nimehamia Tanga kutoka Dodoma. Kule jua lilikuwa kali lakini ngozi yangu ilikuwa kavu. Huku, jua halijachomoza, khanga imeshanigandia mgongoni. Wifi yangu anasema ni ugonjwa. Nimepunguza kunywa maji ili jasho lipungue, lakini wapi. Nifanyeje?
Mama Vitumbua, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza kanywe maji, ndipo uendelee kusoma. Katika miaka yangu ya uuguzi hapa Pwani nimewapokea kina mama wengi waliojinyima maji kwa sababu hiyo hiyo, wanafika kichwa kinawagonga, mkojo rangi ya chai ya rangi. Jasho halikomi kwa kujinyima. Unachopunguza ni maji ya damu yako.

Dodoma pia ulikuwa unatoka jasho. Hukuliona kwa sababu hewa ya kule ni kavu, inalinyonya papo hapo. Hewa ya Tanga imeshashiba unyevu wa bahari, haina nafasi ya kulipokea, basi linatiririka.

Umewahi kupapasa mtungi wa udongo kwa nje? Una majimaji. Maji yanapenya kwenye vitundu vya udongo, yakifika nje yanakauka na kuondoka na joto, ndiyo maana ya ndani ni baridi. Yatie kwenye ndoo ya plastiki uone: vuguvugu. Ngozi yako ni huo mtungi. Ina vitezi vya jasho kati ya milioni 2 na 4, na ubongo ukihisi joto la mwili linapanda kupita nyuzi 37 hivi, unaviamuru vimwage maji yenye chumvi kidogo. Kinachopoza ni kule kukauka. Tone linalodondoka chini karibu na jiko halijakupoza kitu, na mwili, ukiona joto bado lipo, unazidi kumwaga.

Kwa hiyo tafuta upepo. Hamishia jiko uwazini, au weka feni ikupulizie wewe, isipulize moto. Vaa pamba nyepesi, nailoni iache kabatini. Kunywa kidogo kidogo tangu unapokoroga unga, usingoje kiu. Chumvi ya kwenye mboga inakutosha.

Mwili nao unajifunza. Mtu akikaa kwenye joto wiki moja au mbili, jasho huanza kutoka mapema zaidi na chumvi yake hupungua. Lilambe la juu ya mdomo, huenda umeshaona tofauti.

Wifi yako usimgombeze, maana lipo jasho la ugonjwa. Ukilowesha shuka usiku wakati kumepoa, unakohoa wiki mbili na unakonda, nenda zahanati ukapime kifua kikuu. La mbele ya karai la mafuta ya moto ni la kazi.