Siku ya Urafiki Shuleni

SWALI: Mhariri, shule ya msingi ya watoto wetu ina Waha, Wamanyema na Wabembe. Walimu wanataka kuadhimisha urafiki wao kwa gwaride la kila kabila na vazi lake. Je, hilo halitawatenga?
Mzazi, Ujiji

JIBU: Ndugu mzazi, hofu yako ina msingi. Ni afadhali kila ngoma ichezwe na kikundi cha mchanganyiko, wenye ngoma yao wakiwafundisha wenzao majuma kadhaa kabla, kwa maana urafiki hujengeka katika mazoezi kuliko jukwaani. Chakula hakina shida. Migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, huliwa na wote. Siku ya Kimataifa ya Urafiki, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2011, ni Julai 30, lakini siku nyingine yafaa pia, isipokuwa Ijumaa mchana, kwa Ujiji yetu, kwa sababu ya sala ya Ijumaa.