Ramani ya kontua na mfereji wa shamba, bara ya Malindi

Anayetaka kuvuta maji ya mto Galana (huku chini tunauita Sabaki) hadi malishoni aanze na ramani ya 1:50,000 ya Survey of Kenya. Sentimita mbili kwenye karatasi ni kilomita moja ardhini. Kabla ya yote, tazama pembeni uone kontua (mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja) zimeachana kimo gani: kuna karatasi za mita 20 na za zamani za futi 50. Ukizichanganya, hesabu yote imeharibika.

Sasa pima mteremko. Kontua mbili za mita 20 zikiachana sentimita 4, hiyo ni kilomita 2, yaani ardhi inashuka mita 10 kila kilomita. Mfereji wa udongo ukiuelekeza moja kwa moja huko chini, maji yatakwenda mbio na kuula. Upitishe ubavuni, ukikaribia kufuata kontua, ushuke mita moja tu kwa kilomita. Ila mita moja hiyo ramani haiioni! Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanachora mstari mezani, wanaita trekta, kisha maji yanasimama njiani.

Kazi hiyo ifanywe na bomba la mpira mwangavu lililojaa maji, ambayo husimama kimo kimoja ncha zote mbili, na vijiti viwili vilivyotiwa alama za sentimita. Piga vigingi kila mita 20, na kila kigingi kishuke sentimita 2 kuliko cha nyuma. Toa mapovu yote mpirani, maana povu moja tu linatosha kukudanganya.

Upande wa vilima vya msitu, kama Mangea, kontua zimebanana na kupinda kama V. Ncha ikielekea juu, hilo ni bonde. Ikielekea chini, ni mgongo wa kilima. Bonde ambalo ramani imelichora kwa buluu ya vipande vipande ni kavu leo, lakini masika yakija litabomoa mfereji uliokatizwa hapo bila kalvati. Rangi ya kijani nayo usiiamini sana: ni msitu wa siku picha za ndege zilipopigwa.

Na simu? Ramani hizi nyingi zimejengwa juu ya Arc 1960, simu inatumia WGS84: ni mifumo miwili tofauti ya kutaja mahali ardhini. Usipobadilisha kwenye programu, utakosea kwa takriban mita 300, na kando ya mto hizo zaweza kukuweka ng'ambo ya pili.