Chang'ombe ilivyonikosesha kazi

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, skripti yangu inatoa vidudu badala ya herufi, nifanyeje?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Vidudu hivyo navijua.

Ilikuwa kazi ya lebo za mizigo, zaidi ya elfu moja, za duka moja la jumla Dar es Salaam. Anwani waliziandika kwa simu, na baadhi ya simu zina tabia ya kuipindisha ritifaa, kile kialama cha ng'. Kwa macho huoni tofauti. Kwa kompyuta, ritifaa iliyopinda ni alama nyingine, U+2019 kwenye Unicode (orodha ya alama za maandishi yote), na kwenye UTF-8, njia ya kuzihifadhi alama hizo, inakula baiti tatu: E2 80 99.

Nikalisoma faili kwenye dirisha jeusi la Windows kwa amri ya type. Ikaja "ChangΓÇÖombe". Nikajifanya fundi: chcp 65001, yaani dirisha lionyeshe UTF-8, type tena, Chang’ombe hiyo hapo, safi! Nikaipiga picha skrini nikamtumia mteja: "Tayari bosi." Nikaendesha skripti, programu yangu fupi ya lugha ya Python, PDF ikatoka, nikaituma bila kuifungua. Nilikuwa nawahi harusi.

Kesho yake asubuhi, simu. "Wewe si mtoto wa hapa hapa? Hata Chang'ombe huijui?" Maboksi yote yameshabandikwa: Changâ€™ombe, Wangingâ€™ombe. Hakunilipa hata nauli, na kazi iliyofuata akampa mwingine. Inaniuma mpaka leo, maana skripti ilikuwa nzuri.

Chcp hubadilisha dirisha tu. Python yangu ya Windows ilipofungua faili bila kuambiwa lolote ilitumia cp1252, orodha ya zamani ya herufi ya Windows, ambamo zile baiti tatu ni herufi tatu. Kwa hiyo andika encoding="utf-8" kila unapoita open(). Au piga setx PYTHONUTF8 1, ili Python itumie UTF-8 yenyewe, kisha ufungue dirisha jipya; lililokuwa wazi halipati habari. Lakini encoding andika tu, hata hivyo.

Linux ni rahisi: piga locale, ikuonyeshe mipangilio ya lugha na herufi. Ukiona POSIX, mpangilio usio na UTF-8, weka export LANG=C.UTF-8, ila kama kuna mtu aliweka mpangilio wa LC_ALL, hiyo ndiyo inayotawala. Mac iko kwenye UTF-8 tayari; kero yake ni pale unapoingia seva ya mbali kwa ssh, ikabeba mpangilio wa LC_CTYPE=UTF-8, jina ambalo Linux hailitambui, na Perl, lugha nyingine ya programu, ikaanza kulalamika.

Nanyi wadogo zangu mnaosema Kiswahili hakina shida na Unicode kwa kuwa hakina herufi ngeni, nani kawadanganya? Programu yako imesoma "Moshi" vizuri, umeshangilia. Ipe Wanging'ombe, tena iliyoandikwa kwa simu. Na PDF ifungueni, jamani. Ifungueni.

Yule kijana nilimwambia anitumie mistari michache ya faili lake. Katuma. Ni orodha ya ng'ombe.