Hizo pauni 450 kwa siku ni za nani?

Mdogo wangu mmoja alinipigia simu juzi kutoka Manchester, furaha imemjaa. Amepata mkataba wa miezi sita katika hospitali ya umma, kazi ya kupanga takwimu za wagonjwa, pauni 450 kwa siku. Hesabu alishazipiga zote, mpaka ya kiwanja. "Kaka, mbona umenyamaza?" Sikunyamaza kwa ubaya. Nilikuwa naikumbuka slipu yangu ya malipo ya Aprili 2017, na IR35 iliyoileta.

Kwa wasioijua, IR35 ni kanuni ya kodi ya Uingereza iliyoanza kutumika Aprili 2000, na inawahusu wakandarasi, yaani wanaofanya kazi kwa mkataba kupitia kampuni zao wenyewe. Jina lenyewe ni namba tu ya taarifa ya mamlaka ya mapato iliyoitangaza mwaka mmoja kabla. Inauliza jambo moja: huyu anayejiita kampuni, tukiiondoa kampuni yake katikati, si ni mwajiriwa kama wengine? Kwa miaka 17 aliyekuwa akilijibu swali hilo ni mkandarasi mwenyewe na mhasibu wake, na si ajabu jibu lilikuwa "hapana" mara nyingi. Tarehe 6 Aprili 2017 serikali ikabadilisha mwamuzi. Kwa kazi za taasisi za umma, anayeamua ni taasisi yenyewe, na anayekulipa ndiye anayekata kodi kabla pesa haijakufikia. Kampuni binafsi kubwa na za kati zilifuata Aprili 2021, baada ya korona kuahirisha mambo kwa mwaka mzima.

Mimi nilikuwa kwenye halmashauri moja, nikisimamia mfumo wao wa kumbukumbu za nyumba kwa pauni 400 kwa siku. Mwezi Februari tulipata barua pepe moja, wote, aya mbili: wakandarasi wote watahesabiwa kuwa "ndani" ya IR35, yaani watakatwa kodi kama waajiriwa. Hakuna aliyeulizwa anafanya nini wala anaifanyaje. Wawili waliaga wiki ileile. Mimi nilikuwa na kodi ya pango, nikajiunga na kampuni ya mwavuli, yaani kampuni inayokuajiri kwenye karatasi, inapokea pesa kutoka kwa wakala wa ajira, inakata kila kinachokatwa na kukupa kinachobaki.

Slipu ya kwanza ya wiki kamili niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, koti bado mwilini. Juu kabisa: pauni 2,000. Chini yake Bima ya Taifa, ule mchango wa lazima wa hifadhi ya jamii, pauni 219. Nikasema sawa, kodi ni kodi. Kisha tozo ya mafunzo kazini, karibu pauni 9. Kisha 25 za mwavuli wenyewe. Halafu mstari ulioandikwa "mshahara ghafi", 1,747, na chini yake Bima ya Taifa tena! Nilipiga simu kuwaambia wamenikata mara mbili. Dada wa upande wa pili, ambaye nadhani alishajibu swali hilo mara hamsini siku hiyo, alinieleza kwa upole kwamba ile ya kwanza ni ya mwajiri na ya pili ni ya mwajiriwa. Mwajiri ni nani? Ni wao. Inalipwa kutoka wapi? Kutoka kwenye zile 2,000. Kumbe pauni 400 hazikuwa mshahara wangu hata siku moja. Zilikuwa gharama nzima ya kuniajiri, na mimi nilizisoma kama mfuko wangu.

Ndiyo maana mdogo wangu nilimuuliza kwanza: hizo 450 ni za nani? Wakala akitaja kiwango, mwambie aandike kama ni kiwango cha mwavuli, ambacho makato ya mwajiri bado yamo ndani yake, au ni cha PAYE, yaani mshahara ghafi wenyewe. Ni vitu viwili tofauti kabisa, na tangazo la kazi mara nyingi huchagua kile kinachopendeza macho. Leo mkato wa mwajiri umekuwa mkubwa kuliko wakati wangu: tangu Aprili 2025 ni asilimia 15, tena kuanzia pauni 5,000 za mwaka. Mdogo wangu nilimpigia hesabu ya wiki ya siku tano. 2,250 zinaingia. Toa 25 za mwavuli, toa 276 hivi za Bima ya Taifa ya mwajiri, toa 10 za tozo. Zinabaki kama 1,939, yaani 388 kwa siku, na kodi yake mwenyewe haijaguswa bado. Ndani ya hizo hizo kuna kama 209 zitakazoitwa "malipo ya likizo". Hapo nako uliza: zinatoka kila wiki, au zinawekwa mpaka uziombe? Zikiwekwa nawe ukasahau kuziomba kabla mwaka wa likizo haujaisha, unaweza kuzikosa.

Nauli nayo. Nilikuwa napanda treni kila Jumatatu na kulala hoteli siku tatu, na kampuni yangu ilizihesabu kama gharama za kazi. Ukiwa ndani, nauli ya kwenda kazini ni yako kama ya mwajiriwa yeyote. Mkataba ulio mbali na nyumbani unaweza kulipa kidogo kuliko ule mdogo wa mtaa wa pili.

Sasa niseme lisilonipendeza. Ile barua pepe ilikuwa ya kivivu, lakini kwangu ilisema kweli. Nilikuwa na meza yangu, jina langu lilikuwa kwenye orodha ya simu za idara, na nilikuwa nasaini fomu za likizo za wafanyakazi wao. Mkandarasi anayesaini likizo za watu! Mkataba ulisema naweza kutuma mtu mwingine badala yangu, ila ningemtuma, mlinzi wa getini asingempitisha. Kinachoangaliwa ni nani anakuelekeza namna ya kufanya kazi, kama kweli unaweza kuweka mbadala, na kama wanalazimika kukupa kazi nawe kuipokea. Karatasi nzuri haisaidii ikiwa siku yako inafanana na ya mwajiriwa.

Mkataba wangu wa tatu baadaye ulikuwa nje, na kwa haki. Nilihamisha kumbukumbu kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine kwa bei ya kazi nzima, nikilipwa kila kipande kikikamilika, na kosa langu nililirekebisha kwa muda wangu. Kompyuta walinipa wao kwa sababu ya usalama wa data, na hilo halikuharibu chochote. Jibu la CEST, chombo cha mtandaoni cha HMRC, mamlaka ya mapato ya Uingereza, cha kupima kama uko ndani au nje, tulilitafuta pamoja na mteja, nikalihifadhi siku hiyohiyo. HMRC husimama na jibu hilo mradi majibu uliyotoa ni ya kweli.

Mteja akikuambia uko ndani, anapaswa kukupa uamuzi wa maandishi wenye sababu. Usiporidhika, mpinge kwa maandishi. Ana siku 45 za kukujibu. Na mwavuli ukikuahidi utabaki na asilimia 85 au 90 ya pesa, kimbia. Wapo walioahidiwa hivyo wakalipwa kwa "mikopo" badala ya mshahara, na miaka ikapita kabla HMRC haijawaletea bili.

Msikimbilie na hotuba pia. Tarehe 23 Septemba 2022 waziri wa fedha Kwasi Kwarteng alitangaza kuyafuta mabadiliko ya 2017 na 2021. Jamaa yangu mmoja alifungua kampuni wiki iyo hiyo, akaagiza na kadi za biashara. Tarehe 17 Oktoba Jeremy Hunt, aliyemrithi Kwarteng, akafuta ufutaji. Kadi bado anazo, anaandikia orodha ya sokoni.

Mdogo wangu alirudi kwa wakala. Ndiyo, kilikuwa kiwango cha mwavuli. Akaomba 510, wakakutana 485. Uamuzi wa maandishi ameuomba Jumanne, mpaka leo haujafika, na mkataba hajausaini.